Udaktari Unaombwa kwa Hesabu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, swali linalozunguka kwenye vibaraza vya Mwaya, Ipinda na Kyela mjini ni lilelile: "Kapata wani ya saba, udaktari ataupata?" Aliyeulizwa hujibu kwa kubahatisha. Mjomba mmoja anasema atapata, mwingine anasema Muhimbili wanataka A tupu, na kijana mwenyewe anabaki kati. Hakuna haja ya kubishana. Wanafunzi wa udaktari huchaguliwa kwa hesabu, na hesabu hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwa kalamu na karatasi kabla hujalipa hata shilingi moja ya maombi.

Tuanze na kinachowachanganya wazazi wengi. Baraza la Mitihani, NECTA, lina pointi zake na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina zake, tena zinakwenda kinyume. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, ndiyo maana wani ya tatu haina wa kuipita. TCU inageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Njia ya mkato ni hii: chukua 18, toa pointi zako za NECTA. Wani ya tatu inakuwa 15. Wani ya saba inakuwa 11. Daraja la pili la pointi 12 linakuwa 6. Hesabu hii inakubali ikiwa masomo yako yote matatu yako kati ya A na E. Ukiwa na S au F usiitumie, na kwa udaktari hutaihitaji.

Hiyo 6 ndiyo namba ya kwanza ya kukumbuka. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, sifa ya chini katika mwongozo wa TCU ni pointi 6 kutoka masomo matatu, fizikia, kemia na biolojia, na usiwe chini ya D katika somo lolote kati ya hayo. Hapo pana mtego. Mwenye C ya biolojia, D ya kemia na E ya fizikia ana pointi 6 vilevile, lakini ile E inamtoa. Na aliyesoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, hata akiwa na A tatu, hana fizikia, kwa hiyo mlango huu si wake. Ana milango mingine mizuri ya afya, lakini si huu. Haya mambo ya mchepuo yanapaswa kuamuliwa kidato cha nne kinapokwisha. Ukigundua baada ya miaka miwili, umechelewa. BAM na General Studies haziingii kwenye hesabu ya pointi hizi tatu, kwa hiyo usizijumlishe kujifariji.

Sasa mtu atauliza: usaili uko wapi? Nchi nyingine mwombaji wa udaktari hufanya mtihani maalumu wa kuingia, kisha wachache huitwa kuhojiwa ana kwa ana. Kwetu mtihani wa kidato cha sita umebeba kazi zote mbili. Mwombaji wa kidato cha sita kwa kawaida haitwi mbele ya jopo lolote. Hakuna atakayemuuliza kwa nini anataka kutibu watu, wala hakuna atakayejua kwamba alimuuguza bibi yake miaka mitatu. Mimi naona ni upungufu, maana kuna vijana wa A tatu wasioweza kuongea na mgonjwa. Lakini usaili nao una upendeleo wake, na mtoto wa Dar es Salaam aliyezoea kujieleza angempita mtoto wa Mwaya mlangoni tu. Karatasi ya mtihani haijali lafudhi.

Popote duniani, alama za mtihani wa kuingia hutumika kwa namna tatu, na ukizielewa hizi umeelewa mchezo wote. Ya kwanza ni kizingiti: ukifika juu yake unaingia kwenye kundi la wanaofikiriwa, ukiwa chini unaondolewa bila kusomwa zaidi. Ya pili ni foleni: waliovuka wanapangwa kuanzia alama ya juu, nafasi zinagawiwa kutoka juu kushuka, na zinapokwisha ndipo mstari unapokatwa. Ya tatu ni mizani: alama za mtihani zinachanganywa na vitu vingine, kila kimoja kikipewa uzito wake.

Tanzania inatumia ya kwanza na ya pili pamoja. Pointi 6 ni kizingiti. Foleni ndiyo inayokukata. Kwa hiyo anayekuambia "una sifa" hajakuambia kwamba utapata. Wenye sifa ni wengi kuliko viti, na mstari wa kukata haupangwi na mtu mapema, unatokana na nani wameomba chuo hicho mwaka huo. Ndiyo maana mwaka mmoja pointi fulani zinatosha na mwaka unaofuata hazitoshi.

Angalia pia alama zenyewe zinavyogawanywa. A huanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40. Mwenye 79 na mwenye 70 wote wana B, TCU inawaona sawa. Lakini mwenye 79 na mwenye 80 wametengana kwa pointi nzima, na kwenye foleni ndefu pointi moja ni mamia ya watu. Kwa aliye bado kidato cha tano nasema hivi: usimwage nguvu zako zote kwenye somo unalolipenda. Kuipandisha biolojia kutoka 82 hadi 92 hakukuongezei kitu. Kuipandisha fizikia kutoka 57 hadi 61 kunakuongezea pointi. Na fizikia ndiyo inayowaangusha wengi, hasa katika shule ambazo mwalimu wa somo hilo ni mmoja au hayupo kabisa na mazoezi ya maabara yanakuja wiki chache kabla ya mtihani. Kama shule yako iko hivyo, tafuta mapema mtu wa kukufundisha wakati wa likizo, hata ikibidi kwenda Tukuyu au Mbeya. Gunia moja la mchele linalouzwa kwa ajili hiyo lina faida kuliko magunia matatu yatakayouzwa baadaye kurudia mtihani.

Ukishajua pointi zako, chagua vyuo. Miaka ya 1960 hapakuwa na la kuchagua: shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kwa miongo mitatu na zaidi nchi nzima ilitazama Muhimbili peke yake. Leo kuna MUHAS yenyewe pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, Kairuki Dar es Salaam, Mtakatifu Fransisko Ifakara, na karibu nasi zaidi ile ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya. Mwongozo wa TCU wa kila mwaka unaonyesha kwa kila kozi sifa zake na idadi ya nafasi. Wengi husoma sifa na kuruka nafasi. Wewe soma zote mbili. Chuo chenye nafasi chache na jina kubwa foleni yake hukatwa juu sana.

Familia nyingi za huku huiweka Mbeya kama chuo cha akiba, kwa kuwa ni kupanda basi asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana. Ukaribu huo ni wa nauli tu. Mfumo wa udahili haujui kwamba unatoka Mwaya, na mwombaji wa Bukoba mwenye pointi moja zaidi atakaa mbele yako. Omba Mbeya kwa sababu pointi zako zinalingana nayo. Mpango wa busara ni kuwa na chuo kimoja unachokitamani, viwili unavyoweza kuvipata kwa haki, na kimoja cha binafsi ambacho familia imeshakaa na kukubaliana kuhusu ada yake. Hilo la mwisho lisiachwe mpaka barua ije, maana udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na mkopo wa Bodi ya Mikopo huombwa kando, kwa fomu yake na vyeti vilivyohakikiwa na RITA. Waliofaulu sana masomo ya sayansi waangalie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Kuna jambo la kalenda ambalo huwaumiza vijana wetu. Mtihani unafanyika Mei. Wengi wanakwenda JKT baada ya hapo. Matokeo yanatoka na dirisha la maombi linafunguliwa wakati wengine bado wako kambini, simu mbali. Kabla hujaondoka, fungua barua pepe yako mwenyewe, si ya mwenye steshenari, andika nywila, namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita kwenye karatasi, na uikabidhi kwa kaka, dada au shangazi mmoja anayejua kutumia kompyuta. Mpe pia orodha ya vyuo kwa mpangilio unaoutaka. Usiwape watu wawili. Nimeona familia ambamo kila mmoja alituma maombi yake na kijana akawa na akaunti mbili zisizoelewana.

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Ithibitishe ndani ya muda uliotajwa. Hapa ndipo ile laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la rafiki inapoleta balaa, kwa hiyo tumia namba yako. Usipochaguliwa awamu ya kwanza, omba ya pili siku ileile inapofunguliwa, lakini ujue kwamba viti vya udaktari katika vyuo vya umma huwa vimeshajaa au vimebaki vya kuhesabu. Na yeyote anayedai anajua mtu wa kukuingiza kwa malipo, mwache hapohapo. Hakuna kiti cha pembeni.

Ambaye pointi hazikufika asidhani ndoto imekwisha. Stashahada ya utabibu ni njia halali. Mwongozo unataka wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu usiopungua D kidato cha nne katika hisabati, kemia, biolojia, fizikia na Kiingereza. Ni njia ndefu, lakini anayepita humo hufika chuoni akiwa ameshashika wagonjwa, ameshaona kipindupindu cha mwambao na malaria ya mashamba ya mpunga. Binafsi nawaheshimu sana madaktari wa namna hii.

Wachache wataomba nje, na huko watakutana pia na ile namna ya tatu, ya mizani. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, hupima masomo kwa uzito: ya lazima huzidishwa mara 3, yanayohusiana mara 2, na ya ziada mara 1. Kwa udaktari, biolojia na kemia ndizo nzito, kwa hiyo mwenye fizikia dhaifu kidogo anaweza kusimama vizuri zaidi kule kuliko hapa.

Uingereza wana mtihani wao, UCAT, uliojulikana kama UKCAT tangu 2006 hadi ulipobadilishwa jina 2019. Hauulizi kemia. Tangu 2025 una sehemu tatu za kufikiri, yaani kusoma na kuelewa, kufanya maamuzi, na hesabu, kila moja ikipimwa kati ya 300 na 900, na sehemu ya nne ya kupima busara kazini inayopewa daraja la 1 hadi la 4. Adui ni saa: sehemu ya kusoma ina maswali 44 kwa dakika 22. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Unafanya mara moja tu kwa mwaka, kati ya Julai na Septemba, na majibu unayapata kabla ya mwisho wa maombi tarehe 15 Oktoba. Hapo ndipo ujanja ulipo: ona alama zako kwanza, ndipo uchague vile vyuo vinne vya udaktari unavyoruhusiwa. Vingine hupanga waitwao kwenye usaili kwa alama za UCAT peke yake, vingine huzitumia kama kizingiti, vingine huzichanganya na matokeo ya shule. Mwenye alama za wastani na vyeti vizuri akiomba chuo kinachotazama UCAT tu, amejitupa mwenyewe.

Ukiitwa kwenye usaili huko, utapitishwa kwenye vituo vifupi, kila kimoja na swali lake. Usikariri hotuba. Zungumza juu ya unayoyajua: zahanati isiyo na dawa, mgonjwa anayepelekwa Mbeya usiku, mama anayetibiwa kwa mganga kwanza. Wanaohoji hutaka kusikia ulivyopima jambo.

Kabla ya kulipa ada ya chuo chochote cha nje, hakikisha kwa TCU kwamba kinatambuliwa, maana ukirudi Baraza la Madaktari Tanganyika litataka kukupima kwa mtihani kabla ya kukuruhusu kuanza mafunzo kwa vitendo, na kuufeli mtihani huo baada ya miaka sita ughaibuni ni hasara ya ukoo mzima.

Dirisha likifunguliwa, tuma maombi wiki ya kwanza. Siku ya mwisho mifumo hulemewa, mtandao wa Kyela huyumba, na mwenye steshenari huwa na foleni yake pia.