Usaha Ndani ya Misuli

Katika nchi ya Ushetu, wilayani Kahama, watu hulima tumbaku, mahindi na mpunga, na vijana wengi huenda Geita kuchimba dhahabu. Mtu akiamka asubuhi na paja lamwuma, husema, "Ni uchovu tu," akaenda zake kazini. Mara nyingi husema kweli. Lakini uko ugonjwa uanzao vivyo hivyo, nao ukipuuzwa huua.

Ugonjwa huo ni usaha wa misuli, ambao madaktari huuita payomayositisi. Scriba, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Japani, alieleza habari zake mwaka 1885. Katika Afrika ya Mashariki ulijulikana sana Uganda, na mwaka 1968 Horn na Master waliandika juu ya wagonjwa wa huko. Huletwa hasa na vijidudu viitwavyo stafilokokasi, ambavyo hata mtu mzima wa afya huweza kuwa navyo puani pasipo kudhurika. Vikiingia katika damu, huenda vikatua ndani ya msuli mkubwa, wa paja au wa tako, pengine ule uliopata pigo. Vijana wanaume wenye nguvu hupatwa zaidi; na walio na virusi vya UKIMWI wamo hatarini kuliko wengine.

Siku za kwanza msuli huwa mgumu kama ubao, homa ni kidogo, na ngozi ya juu ni kama kawaida. Hapo ndipo watu wadanganyikapo, na madaktari pia. Jipu la kawaida hutoa kichwa. Hili limefunikwa na utando mgumu uuzungukao msuli, hata kidole kikibonyeza hakisikii majimaji. Basi mgonjwa hukandwa kwa maji ya moto, huchanjwa chale, huumikwa kwa pembe, na siku zinapita. Baada ya siku kumi, au hata majuma matatu, mguu umevimba, homa ni kali, wala hawezi kukanyaga chini. Akingoja tena, vijidudu huenea kwa njia ya damu mpaka mapafuni na moyoni.

Akifika hospitali mapema, kabla usaha haujakusanyika, dawa ya kuua vijidudu, kama kloksasilini, huweza kutosha. Daktari akichoma sindano nene nayo ikavuta usaha, dawa peke yake haitoshi tena. Lazima msuli upasuliwe, usaha utoke wote, jeraha liachwe wazi na kusafishwa, na dawa iendelee kwa majuma kadhaa. Wengi watibiwao hivyo hupona kabisa, wala hawachechemei.

Uko ugonjwa mwingine wa misuli usio na usaha, uitwao polimayositisi. Huu huja polepole, kwa majuma na miezi, nao hushika pande zote mbili za mwili, mabegani na nyongani. Mama hawezi kujitwika ndoo ya maji, wala kuinuka kigodani pasipo kushika ukuta. Majirani humwita mvivu, au husema amelogwa. Kumbe kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoshambulia misuli. Hapa kisu hakiponyi. Hupewa vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi, na nguvu hurudi kidogo kidogo, ingawa kwa wengine hairudi yote. Akijiona mzima akaviacha ghafula, udhaifu huweza kumrudia.