Chumvi katika tangi la spirulina: funzo kutoka Simbi Nyaima

Mkazi wa Lambwe anayetaka kuona jinsi chumvi inavyotawala maisha ya mwani hana haja ya kwenda Mombasa. Akipita mji wa Homa Bay na kufuata barabara ya Kendu Bay, atafika Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lenye maji mazito ya kijani. Ziwa Victoria liko karibu sana na hapo, na maji yake ni baridi. Ya Simbi ni ya magadi na hayanyweki. Ziwa hilo halina mto wa kutolea maji, hivyo jua huyavukiza na chumvi hubaki. Wazee wa Karachuonyo husimulia kuwa palikuwa na kijiji kilichozama baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi; wanajiolojia nao hutaja volkano.

Ule ukijani hutokana zaidi na spirulina, chakula kikuu cha flamingo wadogo wanaotua hapo. Kitaalamu spirulina ni aina ya bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama mmea, lakini wafugaji wake huiita mwani, na inatosha. Ndiyo hiyo hiyo inayofugwa kwenye matangi, ikakaushwa na kuwa unga wa kuongezea lishe. Ikiwa katika maji yanayoifaa, protini huwa takriban asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake mkavu.

Maji yanayoifaa ni yepi? Mchanganyiko unaotumiwa sana maabarani, uliotungwa na Zarrouk mwaka 1966, una takriban gramu 17 za sodiamu baikaboneti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita, pamoja na virutubisho vingine. Baikaboneti huupa mwani kaboni na pia huufanya mchanganyiko kuwa mkali kiasi kwamba mimea mingine midogo haistahimili. Kwa hiyo magadi ni chakula na ni ua la shamba.

Chumvi ikizidi, maji hutaka kutoka ndani ya seli kwenda nje, kama sukuma wiki iliyotiwa chumvi inavyonywea. Spirulina hujitetea kwa kutoa sodiamu nje na kutengeneza aina za sukari za kuzuia maji yasitoke. Kazi hiyo hula nguvu. Ukuaji husimama kwa muda, kisha huendelea polepole kuliko mwanzo. Kabohaidreti huongezeka na protini hupungua. Mavuno yanaweza bado kuwa ya kijani, lakini anayelisha mtoto kwa ajili ya protini amepata kitu kingine. Si kila mwani huumia hivyo: Dunaliella, unaofugwa Australia kwenye mabwawa ya chumvi, hutengeneza beta-karotini nyingi zaidi chumvi inapopanda, na wafugaji wake huikoleza kwa makusudi.

Chumvi ikipungua, ua hubomoka. Ziwa Nakuru ni ushahidi: maji yalipofurika katika miaka ya baada ya 2010, magadi yalizimuliwa, spirulina ikapungua na flamingo wengi wakahama.

Katika tangi mambo hayo mawili yanaweza kutokea ndani ya mwezi mmoja. Chukua tangi la lita 1,000 lenye kilo 20 za chumvi zote, yaani gramu 20 kwa lita. Jua likivukiza lita 200, chumvi haikuondoka. Sasa ni gramu 25 kwa lita. Anayejazia kwa mchanganyiko mpya anaongeza chumvi juu ya ile iliyobaki. Kinachotakiwa ni maji matupu ya mvua, hadi alama iliyochorwa ukutani siku ya kwanza. Mvua ikiingia bila tangi kufurika, hasara ni ya muda, kwani jua litayarudisha maji kwenye alama. Likifurika, chumvi imemwagika na lazima irudishwe, tena kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana mabadiliko ya ghafla huua. Paa la plastiki angavu ni rahisi kuliko kurekebisha. Haidromita nayo huonyesha maji yanavyokolea kabla rangi haijabadilika.

Kuna mambo mawili yasiyo na mjadala. Magadi ghafi kutoka Ziwa Magadi yana floraidi nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Kwa mwani wa kuliwa, itumike baikaboneti safi ya kiwango cha chakula. La pili ni mbegu. Wanawake wa Kanem nchini Chad huvuna spirulina madimbwini tangu zamani, na kuna anayeweza kujiuliza kwa nini Simbi isivunwe hivyo. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walikuta humo mikrosistini, sumu ya ini, na anatoksini, sumu ya neva. Mwani wa sumu hautofautishwi kwa jicho, na kuchemsha hakuondoi mikrosistini. Mbegu itoke kwenye maabara inayoweza kuthibitisha aina yake, na mavuno ya kwanza yapimwe kabla ya kijiko kimoja kuingia kwenye uji wa mtoto.