Somo la Wanachama: Stesheni ya Namanve na Saa za Zamu



Somo letu safari hii ni stesheni ya gari la moshi. Wako watakaouliza, stesheni inahusu nini chama cha wafanyakazi? Inahusu. Mtu akiondoka nyumbani saa 10 alfajiri ili aingie langoni saa 1 asubuhi, saa tatu hizo hazimo katika hesabu ya tajiri, lakini zimo katika mwili wa mfanyakazi.

Tuchukue Namanve, mashariki ya Kampala. Palikuwa msitu wa serikali. Katika miaka ya 1990 ekari kama 2,200 zilitengwa ziwe eneo la viwanda, na viwanda vikaja. Wafanyakazi nao wakaja, lakini nyumba hazikujengwa pamoja na viwanda. Watu wakapanga Kireka, Banda, Nakawa na kwingineko, na kila asubuhi wakagombania teksi kwenye barabara moja ya Jinja, au wakatembea.

Na reli ilikuwapo muda wote huo. Ilifika Kampala 1931, nayo inapita hapo hapo. Ila gari la abiria lilikuwa limeondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabaki mizigo tu. Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 25. Desemba 2015 treni ya abiria ikaanza tena, Kampala hadi Namanve, ikisimama Nakawa, Kireka na Namboole, asubuhi na jioni. Mkataba wa kampuni ulivunjika hata nusu ya miaka haijafika. Treni ikasimama, kisha mwaka 2018 shirika la reli la serikali likairudisha. Mwaka 2023 ikasimama tena ili njia itengenezwe, na 2024 ikarudi. Mfanyakazi aliyehama nyumba kwa kuitegemea treni hiyo ameshajifunza kwamba ratiba si ahadi.

Sasa fundi wa reli akuulize: kwa nini treni hazipiti kila robo saa? Jibu ni kwamba njia ni moja. Treni mbili zikikutana njiani, moja lazima isubiri mahali penye njia ya pembeni ya kupishana, na mara nyingi mahali hapo ni stesheni. Chukua kalamu. Tuseme safari ya kwenda ni dakika 40, kupakia na kugeuza kichwa ni dakika 20. Treni moja peke yake itaondoka mjini kila baada ya saa mbili. Ukiwa na treni mbili na pa kupishana katikati, utasubiri saa moja. Kwa hiyo mkisikia stesheni "inaendelezwa", msitazame rangi ya bati na viti vya kusubiria. Ulizeni kama wameongeza njia ya kupishana, kama jukwaa lina urefu wa mabehewa yote, kama kuna taa na choo, na kama mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuvuka reli bila kupita chini ya mabehewa ya mizigo.

Nauli ya mwanzo mwaka 2015 ilikuwa shilingi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, na kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Linganisheni na kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakutia saini. Maana yake kima cha sheria kingemlipia mtu nauli ya siku mbili tu, bila hata muhogo wa mchana.

Lakini shida kubwa tuliyoiona sisi ni saa. Treni ni ya asubuhi na jioni. Anayetoka zamu saa 4 usiku haimhusu. Tumewakuta akina dada wa kiwanda kimoja wamelala juu ya maboksi nyuma ya lango mpaka kukuche, kwa sababu bodaboda ya usiku ni ghali na njia inatisha. Hawakulipwa kwa saa hizo. Tajiri alisema amewafanyia hisani kuwaruhusu.

Katika kiwanda hicho tuliomba zamu ya mchana ianze nusu saa baadaye, ipatane na treni. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu hatukuja na maneno. Tulikuja na daftari la walinzi wa lango, tukamwonyesha waliochelewa wiki kwa wiki na saa walizopoteza mashine zimesimama. Akakubali zamu ya mchana. Zamu ya usiku bado, na gari la kuwarudisha watu nyumbani bado tunalidai.

Wenzetu wa mashamba ya miwa na chai msiruke ukurasa huu. Trekta linalowapakia alfajiri na kuwaacha barabarani jioni ni stesheni yenu.

Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama aandike kwa siku sita: saa aliyotoka nyumbani, saa aliyoingia langoni, saa aliyofika nyumbani, na nauli aliyolipa. Asiyejua kuandika amwambie jirani yake amwandikie. Karatasi apewe katibu wa tawi.