Kugawa Diski ya Kompyuta Inayotumika Bila Kupoteza Kazi Zako

Kompyuta nyingi huuzwa diski yake ikiwa sehemu moja tu, yaani C. Humo hukaa Windows, programu, tasnifu ya mseminari, na pengine orodha za ubatizo na ndoa zilizochapwa na katibu wa parokia. Windows ikiharibika na fundi akalazimika kuifuta C ili aiweke upya, vyote huondoka pamoja. Ndiyo maana tunashauri kazi zikae katika sehemu yake. Katika somo hili tunaonyesha namna ya kuigawa diski yenye kazi ndani bila kuifuta.

Maandalizi

1. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka huko uhakikishe yanasomeka.
2. Chomeka chaja. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, mafaili yanaweza kuharibika.
3. Kama diski inalindwa kwa BitLocker, andika pembeni ufunguo wake wa dharura.

Hatua za kufuata

1. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi X, kisha chagua "Disk Management".
2. Bofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague "Shrink Volume".
3. Andika kiasi unachotaka kukipunguza, si kile kitakachobaki. Hesabu ni ya megabaiti: GB 100 huandikwa 102400. Iachie C nafasi ya kutosha, kwa kuwa Windows huongezeka kila inaposasishwa.
4. Bonyeza "Shrink". Itatokea nafasi iliyoandikwa "Unallocated".
5. Bofya nafasi hiyo, na hiyo tu, kwa kitufe cha kulia. Chagua "New Simple Volume", kisha NTFS na herufi, tuseme E.
6. Hamishia kazi zako E.

Wakati mwingine C ina nafasi kubwa, lakini Windows inakubali kupunguza kidogo tu. Sababu yake ni kwamba yapo mafaili ya mfumo yasiyohamishika yaliyokaa katikati ya diski, na kupunguza hakuwezi kuyavuka. Chukua kile kinachokubalika, usilazimishe.

Kurudisha nyuma nako kuna sharti. "Extend Volume" huipanua C ikiwa tu nafasi tupu imepakana nayo upande wa kulia. Kuipata nafasi hiyo ni lazima kuifuta E pamoja na vyote vilivyomo.

Mwisho, tukumbuke kwamba C na E bado ni diski moja. Kompyuta ikiibiwa, ikiungua au diski ikifa, zote mbili zimekwenda. Kugawa hutukinga na Windows iliyoharibika, basi. Kwa hiyo ile nakala ya nje tusiifute kazi ikiisha. Tuihifadhi jengo lingine. Na daftari la ubatizo la karatasi libaki kabatini mwake.