Mnana wa Mnazini na Mnana wa Msituni

Ndugu zetu wa vikundi, somo la leo ni la mnana. Mnamjua nyote: yule ndege wa manjano mwenye kelele, anayechana kuti nyuzi nyuzi na kusuka kiota cha kuning'inia. Hapa Ziwa la Ng'ombe, palipobaki mnazi hakosi. Dume ndiye fundi. Jike huja kukagua, asiporidhika huenda zake. Wataalamu humwita Ploceus bojeri. Huyu hayumo hatarini. Minazi, bustani, vichaka vya karibu na maji, kote humfaa. Kunguru humwibia mayai, lakini hajaisha.

Ana ndugu yake ambaye wengi wetu hatujamwona, Ploceus golandi, mnana wa Kilifi. Dume ana kichwa na mgongo mweusi, tumbo la manjano. Duniani kote anapatikana Kilifi peke yake, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Huyu hataki mnazi. Hutafuta wadudu juu kwenye matawi ya mirihi, kwa makundi. Na kiota chake? Wataalamu walimtambua mwaka 1913, lakini kiota hakikuonekana mpaka 2013, huko Dakatcha, katika bwawa la mvua lenye majani marefu. Yaani anataka mirihi ya kulia na bwawa la kuzalia. Ameorodheshwa kimataifa kuwa yumo hatarini kutoweka.

Mtauliza, Dakatcha na Ziwa la Ng'ombe wapi na wapi? Ni makaa. Miti ya kule hukatwa ikachomwa, na soko lake ni miji ya pwani, sisi tukiwemo. Simlaumu mama mwenye chungu jikoni. Gesi ni ghali, na mchoma makaa naye ana watoto. Kumwambia "acha" bila kumwonyesha riziki nyingine ni kazi bure. Huko Gede, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993: wakulima wa kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wa kuuzwa ng'ambo, na msitu ukiisha, biashara nayo imekwisha.

Katika mkutano ujao hesabuni: kila nyumba hutumia madebe mangapi ya makaa kwa mwezi? Wangapi wana jiko lenye udongo ndani, ambalo hula makaa machache kuliko la bati tupu? Wasio nalo wanunuliwe kwa zamu, kama mnavyocheza mchezo wa pesa. Baada ya miezi mitatu hesabuni madebe tena.