Usisubiri Shavu Livimbe: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Jino Bovu la Utoto na Tiba ya Mwanga

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kila mtu mzima anayeishi nyumba moja na mtoto wa chini ya miaka 12: mama, baba, bibi, shangazi, dada wa kazi. Asiyejua kusoma, asomewe.

Jambo la kwanza

Usisubiri shavu livimbe.

Kauli inayotujazia wagonjwa sisi madaktari wa meno

"Si jino la utoto tu? Litang'oka lenyewe."

Litang'oka, ndiyo. Lakini lini? Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akifikisha miaka 6 hivi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, mengine mpaka 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 mwenye gego bovu ana miaka sita au zaidi ya kutafuna nalo, kulala nalo na kwenda nalo shule. Ndiyo muda unaotaka asubiri?

Gego la utoto likitolewa mapema mno, meno ya jirani hulala kuelekea pengo. Jino la ukubwani likija linakuta nafasi imebanwa, linatokea upande.

Tena lipo gego linalowadanganya wazazi wengi. Mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego jipya. Halikutanguliwa na jino lolote kung'oka, basi mzazi hulihesabu ni la utoto. Hilo ni la maisha. Likioza, hakuna jingine linalokuja.

Jino linavyokufa huku mnaliangalia

Linaanza doa jeupe au la kahawia karibu na ufizi. Halafu tundu. Halafu mtoto anatafunia upande mmoja. Halafu analia usiku, mnampa dawa ya maumivu, analala.

Halafu siku moja maumivu yanakoma. Hapo ndipo tunapowapoteza. Nyumba nzima inashukuru, na safari ya hospitali inafutwa. Kumbe jino limekufa, na jino lililokufa mara nyingi haliumi. Uchafu sasa unashuka kwenye mizizi. Baada ya muda, juu ya ufizi, usawa wa jino lile, kinaota kipele kidogo chenye ncha ya manjano. Kinapasuka, kinatoa usaha kidogo wenye ladha mbaya, kinanywea, kisha kinarudi.

Mama huniambia: "Daktari, lilishapoa, ni kijipele tu." Mama, kijipele hicho ndicho mlango wa usaha. Jino halikupoa.

Maumivu yakikoma bila tiba, usishangilie. Nenda. Usisubiri shavu livimbe.

Nenda wiki hii ukiona

- Tundu lolote, hata lisilouma.
- Jino moja lililogeuka rangi, kijivu au jeusi, wakati mengine ni meupe.
- Kipele kwenye ufizi, hata kama kinakuja na kuondoka.
- Mtoto anakataa maji baridi au anatafunia upande mmoja.
- Mtoto aliyewahi kulia usiku kwa jino, sasa halii tena.

Nenda sasa hivi, hata usiku wa manane, ukiona

- Uvimbe umepanda kuelekea jicho au umeshuka chini ya taya.
- Mtoto hawezi kufungua mdomo vizuri, hamezi, anatokwa mate.
- Anapumua kwa shida.
- Ana homa kali, amelegea, hataki kucheza wala kula.

Uvimbe wa namna hii huua. Usiende duka la dawa. Usingoje asubuhi. Usingoje baba arudi na hela. Nenda hospitali.

Usitie kitu kwenye tundu

Usitie ugoro. Usitie tindikali ya betri. Usitie mafuta ya taa wala petroli. Usitie kidonge kilichosagwa. Vyote huunguza ufizi, na jino hubaki bovu vilevile. Usimpe mtoto aspirini. Usipasue kipele kwa sindano wala wembe. Usikande kwa maji ya moto shavu lililovimba. Usimnunulie vidonge vya rangi mbili kwa kukisia: vikiwa ni tetrasaiklini, vinaweza kutia meno ya ukubwani madoa yasiyofutika kwa mtoto wa chini ya miaka 8. Na dawa za kuua vijidudu, hata zile sahihi, hazizibi tundu wala hazifiki ndani ya jino lililokufa. Uvimbe utashuka, wiki chache baadaye utarudi.

Parasetamoli ya maji inaruhusiwa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto kama chupa inavyoelekeza. Inampa usingizi wa usiku mmoja ili kesho mwende hospitali. Haijatibu kitu.

Jino lililooza mpaka ndani linatibika?

Mara nyingi, ndiyo, likiwahiwa.

Tiba yake ni kusafisha mizizi. Daktari hufungua jino, hutoa kilichooza ndani, huosha njia za mizizi, huzijaza dawa, kisha hulifunika jino. Kwa jino la utoto, dawa ya kujazia huchaguliwa ile inayoweza kuyeyuka pamoja na mzizi, kwa sababu mzizi huo utaisha wenyewe jino la ukubwani likianza kusukuma kutoka chini.

Ugumu uko kwenye kuosha. Njia za mizizi ya magego ya utoto ni nyembamba, zimepinda, zina vichochoro. Ni kama mfereji wa mtaani: ukifagia katikati, matope hubaki kwenye kona. Na daktari hawezi kukwangua kwa nguvu wala kusukuma dawa kali mpaka chini, maana chini ya mizizi hiyo amelala mtoto wa jino la ukubwani.

Mwanga unaingilia wapi

Hapa ndipo mwanga unaposaidia. Baada ya kusafisha kwa njia ya kawaida, daktari hutia ndani ya mizizi rangi ya bluu, mara nyingi bluu ya methileni. Anaiacha dakika chache ishike vijidudu vilivyobaki. Kisha anaingiza ncha nyembamba inayotoa mwanga mwekundu, anamulika kila mzizi kwa muda mfupi. Rangi na mwanga vikikutana, vijidudu vilivyoshika rangi hufa. Rangi peke yake haitoshi. Mwanga peke yake hautoshi.

Mwanga wenyewe haumchomi mtoto wala haupigi kelele. Mate au ulimi vinaweza kuwa na bluu siku hiyo, usishtuke.

Taa ni mbili, usichanganye

Taa ya bluu unayoiona kwenye kliniki nyingi ni ya kukausha dawa ya kuzibia jino. Haiui vijidudu vya mizizi. Ya tiba hii ni mwanga mwekundu, baada ya rangi kutiwa. Ukiambiwa kuna malipo ya "tiba ya taa", uliza: taa ipi, na ya kazi gani? Ni haki yako kuuliza.

Taa za kung'arisha meno zinazouzwa mitandaoni si tiba ya mtoto. Usizinunue. Tochi ya simu nayo ni ya kuangalizia tu.

Mwambie daktari kabla hajaanza

- Mtoto ana ugonjwa wa moyo, hata kama ulitibiwa zamani. Kwake huenda kung'oa ndiyo salama zaidi.
- Ana siko seli.
- Ana upungufu wa G6PD, au damu yake iliwahi kupungua ghafla au mkojo kuwa mweusi baada ya dawa kama primakwini. Bluu ya methileni inaweza kuwa hatari kwa watu wa aina hii.
- Dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba.

Siku ya tiba

Mtoto atapigwa picha ya eksirei ili mizizi ionekane. Atachomwa ganzi. Jino litazungushiwa mpira mwembamba ili mate yasiingie na dawa isimwagike kooni. Mwanga ule mwekundu ukiwa ni wa leza, kila aliye chumbani avae miwani maalumu: mtoto, daktari, na wewe uliyemshika mkono. Miwani isipotolewa, iombe.

Usimwambie mtoto "usipotulia daktari atakudunga." Ukimtisha leo, mwezi ujao hatafungua mdomo.

Mwanga hauwezi haya

Hauwezi kurudisha mzizi ulioyeyuka. Hauwezi kuokoa jino lililobaki kigae. Hauwezi kuchukua nafasi ya kuosha na kuziba vizuri. Hauwezi kushusha shavu lililovimba mpaka jichoni. Mtoto aliyefika amechelewa, kinachobaki ni kung'oa. Ndiyo maana tunarudia: usisubiri shavu livimbe.

Na usisubiri taa

Kliniki nyingi za wilaya hazina taa hii. Utaikuta zaidi kwenye kliniki za miji mikubwa. Sasa kumezuka kusubiri kwa namna mpya: mzazi anamweka mtoto nyumbani miezi, anachanga nauli ya kwenda kwenye taa. Usifanye hivyo. Mwanga ni nyongeza. Meno mengi ya utoto huokolewa bila mwanga, kwa kuosha kwa makini na kuziba vizuri, mtoto akifika mapema. Nenda hospitali iliyo karibu. Ikibidi kupewa rufaa, utapewa hapo hapo.

Kusubiri taa ni kusubiri. Kusubiri hela ya msimu ni kusubiri. Kusubiri shule zifungwe ni kusubiri.

Baada ya tiba

Ganzi hukaa saa mbili tatu. Mtoto asile mpaka iishe, na umwangalie asitafune mdomo wake mwenyewe: tunaona midomo iliyochanwa kwa meno, na mzazi akidhani ni kosa la sindano.

Daktari akishauri kofia ya chuma juu ya gego, kubali. Jino lililotibiwa mzizi likiachwa bila kifuniko imara huvunjika au kuvuja, na kazi yote inarudi mwanzo. Kofia hiyo itang'oka pamoja na jino wakati wake ukifika.

Rudi tarehe uliyopewa, hata kama haliumi. Hasa kama haliumi.

Ili usifike huko

Mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka 3, dawa kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mpaka miaka 7 au 8, mtu mzima ndiye apige mswaki, si mtoto peke yake bafuni.

Baada ya mswaki wa usiku, maji tu. Asilale na chupa ya juisi, chai ya maziwa wala uji wa sukari mdomoni.

Leo, kabla ya kulala

Mlaze mtoto kichwa mapajani mwako, washa tochi, inua mdomo wa juu, angalia meno ya mbele karibu na ufizi. Kisha magego, juu na chini. Ukiona tundu, doa au kipele, kesho nenda. Ukifika dirishani usiseme tu "jino linamsumbua". Sema hivi: "Jino la mtoto limetoboka." Kisha taja lilianza kuuma lini, liliacha kuuma lini, na amepewa dawa gani. Maneno hayo yatamsaidia mhudumu kujua haraka mtoto wako aonwe lini.

Usisubiri shavu livimbe.