Tusizamie Ndege

Leo tujifunze hatari ya kuzamia ndege. Kuzamia ni kujificha ndani ya chombo ili kusafiri bila nauli. Wako wanaojificha kwenye tundu la magurudumu.

Ndege ikisharuka, magurudumu hukunjwa na kuingia tumboni mwake. Nafasi ni ndogo. Aliyejificha humo huweza kubanwa akafa papo hapo.

Akipona hapo, bado. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895, na kileleni kuna barafu. Ndege za safari ndefu huruka mita 10,000 na zaidi. Huko baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa ni haba sana. Abiria hawadhuriki, kwani chumba chao hutiwa hewa na joto. Tundu la magurudumu halitiwi. Mtu huzimia, na wengi hufa. Magurudumu yakishushwa ili ndege itue, huanguka kama mzigo.

Mwaka 1999 vijana wawili wa Guinea, wa miaka 14 na 15, walikutwa humo wamekufa, huko Brussels, Ubelgiji. Walikuwa na barua ya kuwaomba viongozi wa Ulaya waisaidie Afrika. Juni 2019, mwili wa mtu ulianguka kwenye bustani ya nyumba mjini London. Ndege ilitoka Nairobi.

Shida tunazijua, lakini maiti haitumi pesa nyumbani. Tuzungumze na vijana wetu mapema.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini abiria hapati baridi, na mzamiaji hupata?
2. Kijana wako akitaka kuzamia, utamwambia nini?